Walezi wa Kambi ya Watoto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Kamati imetuagiza sisi wa ofisi ya chama tunene mbele yenu juu ya jambo moja, nalo ni hili: watu gani wawekwe kuwalea watoto wetu katika kambi ya likizo ya Agosti, na fedha za kuwaweka zitoke wapi.

Jambo hili lilizuka wakati wa kupanga makisio ya mwaka ujao. Baadhi ya wajumbe walisema kwamba ada ya kambi yaweza kupungua, na watoto wengi zaidi wakaingia, iwapo tutapunguza idadi ya walezi, tukayaacha mafunzo yao, na badala ya posho tukawapa shukrani tu. Wajumbe hao hawakusema kwa nia mbaya. Wanawaona watoto wa majirani wakikaa bure likizo nzima, wengine wakizurura sokoni na katika vituo vya mabasi, na moyo wawauma. Nasi pia watuuma. Lakini twaomba ruhusa yenu tuonyeshe kwamba kupunguza huko ndiko kutakakoiua kambi, na kwamba ziko njia nyingine za kuifanya iwe ya bei nafuu.

Yafaa kwanza tukumbuke kambi hizi zilianzaje. Mwaka 1876 mchungaji mmoja wa mji wa Zurich, nchi ya Uswisi, jina lake Hermann Walter Bion, aliwachukua watoto 68 wa maskini wa mjini, waliokuwa dhaifu wa mwili, akawapeleka milima ya Appenzell wapate hewa safi na chakula chema. Hakuwaachilia kama kondoo wasio na mchungaji. Walimu walifuatana nao. Basi tangu mwanzo kabisa, kambi ya watoto wa maskini ilisimama juu ya watu waliokwenda pamoja na watoto, wala si juu ya nyumba walimolala.

Tena mwaka 1907, mwezi wa Agosti, Robert Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko hapa kwetu Nyeri tangu mwaka 1941, alifanya kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwachanganya wavulana wa shule za matajiri na wana wa wafanya kazi, wapata 20, akawagawa katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake. Busara yake ilikuwa katika udogo wa vikosi. Katika kikosi kidogo jina la kila mtoto lajulikana, na asiyeonekana hutafutwa upesi.

Nchi iliyotupa mafundisho mengi zaidi juu ya kambi za bei nafuu ni Ufaransa, kwa sababu huko hazikuachwa mikononi mwa wenye fedha. Mabaraza ya miji, vyama vya wafanya kazi, makanisa na serikali yenyewe vilishiriki gharama, na ilipofika miaka ya 1950 watoto wapatao milioni moja walikuwa wakienda kambini kwa mwaka. Lakini hapo kwanza walezi wengi walikuwa vijana wa kuokotwa tu, wenye moyo mwema pasipo ujuzi. Watu wenye kuona mbali waliliona pengo hilo. Mwaka 1937, mwaka mmoja baada ya wafanya kazi wa Ufaransa kupata sheria ya likizo yenye malipo, mama mmoja aitwaye Gisèle de Failly pamoja na wenzake walianzisha mafunzo ya walezi wa kambi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa chama kiitwacho CEMÉA, ambacho kingali kikifundisha hata leo. Serikali nayo iliweka vyeti vya walezi na wakuu wa kambi mwaka 1949, na mwaka 1973 ikavibadili kuwa vyeti vipya. Kile cha mlezi huitwa BAFA.

Sikilizeni jinsi cheti hicho kipatikanavyo. Kijana hujifunza kwanza kwa siku zisizopungua 8. Kisha hufanya kazi kambini kwa siku zisizopungua 14, akitazamwa na mkuu wa kambi, ambaye huandika habari zake. Kisha hurudi tena darasani siku zisizopungua 6, azungumze na wenzake juu ya yale aliyoyaona. Katika kambi za huko, sheria yataka mlezi mmoja kwa kila watoto 8 walio chini ya miaka 6, na mmoja kwa kila watoto 12 wenye miaka 6 na zaidi. Walezi wenye cheti wasipungue nusu, nao wasio na mafunzo yoyote wasizidi mmoja katika watano. Haya si ya kambi za matajiri peke yake. Kambi ya baraza la mji na kambi ya ada kubwa zapimwa kwa mizani moja.

Hata hivyo Ufaransa pia ilionja tunda chungu la kubana posho. Mkataba maalumu wa walezi uliowekwa mwaka 2006 uliruhusu mlezi alipwe kwa siku nzima, asubuhi hadi usiku, kiasi kisichofika malipo ya chini kabisa ya saa 3 za kazi ya kawaida. Vijana waliipenda kazi, lakini wengi waliifanya msimu mmoja au miwili wakaiacha. Ilipofika mwaka 2022 upungufu wa walezi ulikuwa umekuwa kilio cha nchi nzima, na serikali ikashusha umri wa kuanza mafunzo kutoka miaka 17 hadi 16. Mwaka 2025 kiwango cha chini cha malipo hayo kiliongezwa karibu mara mbili. Basi wale waliodhani wanaokoa fedha walizipoteza, kwa maana kila mwaka walilazimika kuwafundisha wageni wapya, nao wajuzi walikuwa wamekwenda zao.

Wazee wetu, huenda mtu akauliza: je, mlezi asiyefundishwa aweza kuleta madhara gani, ikiwa ni mtu mwema? Twaomba tuwasimulie habari ya Lyme Bay, pwani ya kusini ya Uingereza. Tarehe 22 Machi 1993 wanafunzi 8 wa shule moja ya Plymouth walitolewa baharini kwa mitumbwi midogo, pamoja na mwalimu wao na walezi wawili wa kituo cha michezo. Walezi wale walikuwa vijana wenye ujuzi wa chini kabisa wa kazi hiyo. Mtumbwi wa mwalimu ulipopinduka, mmoja alibaki kumsaidia, na yule wa pili akaachwa na watoto wote 8. Upepo ukawasukuma mbali na pwani. Wanafunzi wanne walikufa. Katika kesi ilijulikana kwamba mwaka uliotangulia walezi wawili waliokuwa wakifanya kazi kituoni walimwandikia mkuu wao barua, wakimwonya kwamba usalama ni mbovu na kwamba mtu aweza kufa. Onyo lao halikufuatwa. Mwaka 1994 mkuu yule alifungwa gerezani, na kampuni yenyewe ikahukumiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla ya hapo katika mahakama za Uingereza. Mwaka 1995 Bunge lao likatunga sheria ya kukagua vituo vya namna hiyo.

Vijana wale wawili hawakuwa watu wabaya. Walitiwa katika kazi iliyowazidi, na aliyewatia alikuwa ameonywa. Nasi tukiwapeleka watoto wetu mtoni au bwawani na mlezi asiyejua kuogelea, hatutakuwa na neno la kujitetea mbele ya wazazi.

Lakini kufa maji ni jambo kubwa linaloonekana. Yako mengi madogo yasiyoonekana, nayo ndiyo yanayotofautisha kambi njema na kambi mbaya. Mtoto wa miaka 8 hajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yake. Usiku wa pili machozi yamjia. Mwingine hukojoa kitandani, naye huogopa kicheko cha wenzake kuliko baridi. Mwingine ana pumu, na dawa yake imo mfukoni mwa suruali iliyokwisha kufuliwa. Mvulana mkubwa humnyang'anya mdogo nyama, na mdogo asema ameshiba. Msichana aliyeingia umri wa utu uzima yampata hedhi yake ya kwanza akiwa kambini, wala hajui amwambie nani. Mambo haya hayatibiwi kwa magodoro mapya. Yataka mtu mzima aliye macho, anayejua la kufanya, na ambaye mtoto haogopi kumwendea.

Katika kambi yetu iliyopita alikuwapo mlezi mmoja, msichana wa mtaa wetu huu, aliyekuwa akiamka saa nane za usiku kuwaamsha watoto watatu waende msalani. Aliyekwisha kulowana alibadilishiwa blanketi gizani kimya kimya, na asubuhi hakuna mtoto aliyejua habari za mwenziwe. Hakuna aliyemwagiza, alikuwa amejifunza katika chama cha Girl Guides. Watoto wale watatu wameomba kurudi tena. Mtu kama huyu akikosa hata nauli ya kumrudisha kwao, mwakani atatafuta kibarua kingine, na wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Sasa twafika kwenye kiini cha neno letu. Mzazi alipaye ada kubwa, mtoto wake akionewa, hupiga kelele, hudai fedha zake, na mwaka ujao humpeleka mahali pengine. Kwa hiyo wenye kambi za ada kubwa huwa na hofu, na hofu hiyo humlinda mtoto. Mzazi wetu sisi, aliyesaidiwa na chama, hufanya nini? Hunyamaza. Asema moyoni, "Nimesaidiwa, nitalalamikaje?" Na mtoto wake naye huambiwa ashukuru. Basi katika kambi ya bei nafuu hakuna jicho la mnunuzi. Jicho lililobaki ni la chama peke yake. Tukilifumba ili tuokoe shilingi, mtoto huyo hana mtetezi mwingine chini ya jua. Kwa sababu hiyo twanena kwamba kambi ya maskini yahitaji walezi bora kuliko kambi ya matajiri, wala si duni kuliko wao.

Haya, na watu hao watachaguliwaje? Twasema kwa adabu, kwa kuwa twajua kuna wazee hapa wenye vijana nyumbani wasio na kazi. Kambi haikuwekwa ili kuwapa ndugu zetu shughuli. Kijana wa mjumbe akiomba nafasi, apimwe kama mwana wa mtu yeyote. Alete majina ya watu wawili wasio wa ukoo wake, wanaomjua jinsi akaavyo na watoto. Alete cheti cha tabia njema kitolewacho na polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Cheti hicho pekee hakitoshi, kwa maana huonyesha tu yale yaliyofika mahakamani na polisi. Mtu aweza kuwa mwovu asijulikane. Kwa hiyo kambini iwekwe kanuni kwamba mtu mzima yeyote, awe mlezi, mpishi au mgeni, asikae faraghani na mtoto mmoja. Wasichana walindwe usiku na walezi wanawake. Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Ni wajibu wetu kila mlezi aelezwe sheria hizo kabla ya kupokea kazi, tena atie sahihi kwamba amezielewa.

Wengine wamesema tuwachukue walimu tu, yatosha. Walimu tunawaheshimu, na baadhi yao ni walezi bora kabisa. Lakini si kila mwalimu afaaye darasani afaa kambini. Wako wasioweza kumwona mtoto akicheza pasipo kutafuta ubao na chaki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo, nayo imefanya hivyo kwa sababu mtoto ahitaji kupumzika. Kambi ni mahali pa kuimba, kukwea vilima, kujifunza kupika na kuishi na mtoto wa kabila jingine.

Na sasa hesabu, kwa kuwa wazee hupenda hesabu. Tuseme tuna watoto 60. Kwa kipimo cha mmoja kwa watoto 12 twahitaji walezi watano. Karatasini hesabu hiyo ni sawa. Lakini Agosti ni mwezi wa baridi katika milima yetu, na usiku sharti wawili wakeshe kwa zamu, wakitazama blanketi na mlango. Waliokesha wakilala asubuhi, hubaki walezi watatu, na kila mmoja ana watoto 20. Basi idadi ya haki ni walezi saba, mbali na mkuu wa kambi na wapishi. Aliyesema watano watosha hakuwahesabu wale wanaolala mchana. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana.

Mtauliza, fedha zitoke wapi? Twaleta mashauri yafuatayo. Tuache kununua mahema. Tuombe mabweni ya shule, ambayo hubaki matupu wakati wa likizo. Kila mtoto aje na blanketi na sahani yake. Unga, maharagwe na sukari tununue kwa magunia, wala si kwa kilo dukani, na mboga tupate kwa wanachama wenye mashamba, iwe ndiyo sehemu ya mchango wao. Tuiache safari ya basi, ambayo hula fedha nyingi kwa siku moja; mlima ulio karibu hauna kiingilio. Na mwisho, ikiwa fedha bado hazitoshi, kambi iwe ya siku chache, au watoto waje kwa zamu mbili, mmoja mwaka huu na nduguye mwakani. Kupunguza siku ni hasara ndogo. Kupunguza walezi ni hatari.

Kuhusu mafunzo, hatuombi siku 8 za Ufaransa. Twaomba siku tatu kabla ya watoto kufika, walezi wakilala pale pale kambini. Siku ya kwanza wafundishwe huduma ya kwanza na mtu wa Msalaba Mwekundu au wa St John Ambulance: mtoto aliyepaliwa, aliyeungua, aliyeumwa na nyoka, mwenye pumu. Siku ya pili wajifunze nyimbo, michezo, na jinsi ya kumkanya mtoto pasipo kiboko na pasipo matusi. Siku ya tatu wayatembelee mazingira yote, wajue kisima kiko wapi, zahanati iko umbali gani, na gari la kumpeleka mgonjwa litatoka kwa nani.

Wazee wetu nao wana nafasi yao. Mnazo hadithi, vitendawili na habari za zamani ambazo kijana wa miaka 20 hanazo. Njoni jioni mketi na watoto motoni. Lakini twaomba msihesabiwe katika idadi ya walezi, maana si haki kumkesheza mzee usiku kucha mlangoni pa bweni.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunauomba mkutano huu ukubali maazimio matano:

1. Kambi ya Agosti isifunguliwe pasipo mlezi mmoja kwa kila watoto 12, baada ya kuwaondoa katika hesabu waliokesha usiku.
2. Kila mlezi alete cheti cha tabia njema na wadhamini wawili wasio jamaa zake.
3. Siku tatu za mafunzo ziwe sharti, na posho ya siku hizo ilipwe.
4. Posho ya walezi iandikwe kwanza katika makisio, kabla ya chakula na usafiri, wala isipunguzwe pasipo idhini ya mkutano huu.
5. Wachaguliwe wanachama wawili, mwanamume na mwanamke, wasio wajumbe wa kamati, waitembelee kambi bila kutoa habari, wazungumze na watoto mbele ya watu lakini mbali na masikio ya walezi, kisha walete taarifa yao katika mkutano ujao.

Azimio la tano ndilo jicho tulilolinena. Pasipo hilo, yale manne ya kwanza yatabaki maandishi.

Twajua kwamba maazimio haya yakipita, huenda wako watoto watakaokosa nafasi mwaka huu. Hatulisemi jambo hilo kwa wepesi. Majina yao yako ofisini, nasi twawajua wazazi wao. Lakini mtoto aliyeambiwa angoje mwaka mmoja aweza kungoja. Mtoto aliyeumizwa kambini hubeba jambo hilo maisha yake yote, na mama yake hatamtoa tena mikononi mwake, wala jirani yake hatamtoa wake. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na sisi tumejitwalia kazi hiyo kwa siku chache kila mwaka kwa hiari yetu wenyewe.

Maazimio sasa yako mbele yenu, wazee wetu na wanachama, myajadili na kuyapigia kura.